Asumini Haingoji Ndege

Tangu nirudi sijanywa kahawa yangu kwa amani. Nikifungua mlango, ni nyinyi. Nikienda Marikiti kutafuta rihani, ni nyinyi. "Bi Zuhura, koja lile la maua la kwenye picha ya bi harusi nani kalitunga? Mbona limekwenda upande?" Khadija yeye kaikuza picha kwa vidole viwili mpaka akaliona tumba moja la ua lililotungwa kichwa chini, kisha simu akaizungusha baraza nzima. Haya, kaeni mnisikilize, maana habari hii naitoa mara moja tu. Koja lile wamelitunga watu watatu, na mmoja wao alikuwa bwana mwenye suti na vidole kama ndizi mzuzu.

Wenzangu wa Kibokoni mnajua, lakini wako wageni hapa barazani, kwa hivyo nianze mwanzo. Rukia ni mtoto wa marehemu dada yangu Maryamu. Maryamu alifariki mtoto hajaota hata jino, nikamchukua mimi nikamlea. Baba yake, shemeji yangu Salim, alipata kazi Kisumu, akaoa huko, akahamia moja kwa moja. Mtu mwema, simsemi. Rukia akasomea uuguzi, akapelekwa kazini huko huko Kisumu, akaposwa huko huko. Na kwa kuwa wa kumwoza ni baba, harusi ikawa nyumbani kwa baba. Sikupinga. Jambo moja tu nilisema, na nililisema kwa sauti: asumini atakayovaa mtoto huyu jioni ya kupamba, atakapotolewa chumbani akaketi mbele ya wanawake wenzake, itatoka kwenye mti wa mamake.

Mti wenyewe mnaujua, ule ulioko uani kwetu kando ya birika. Maryamu aliupanda kwa mkono wake alipokuwa na mimba ya Rukia. Hakuwa mtu wa kupenda kupigwa picha, hata moja hakuacha. Nguo zake tuliwagawia watu. Mtoto yule hana kitu cha mamake duniani ila mti ule, na mimi nilikwisha kujiapiza kwamba siku yake hiyo ataivaa asumini ile, liwe liwalo.

Shida ya asumini mnaijua vile vile. Huchumwa asubuhi, tumba likiwa jeupe na limefumba. Magharibi ikiingia hufunguka, upende usipende. Alfajiri imeshakuwa rangi ya chai. Na ikishafunguka haitungiki tena, ukiichoma yachanika. Kwa hivyo kuchuma, kusafiri, kutunga na kuvalisha, yote ni ya siku moja.

Shemeji Salim alinipigia simu kwa furaha kubwa. "Bi Zuhura, nimeangalia kwenye simu. Mombasa na Kisumu, uwanja kwa uwanja, ni kilomita kama mia saba. Saa moja na robo angani! Utafika maji ya kuoga hayajakukauka."

"Hiyo ni ndege ya moja kwa moja, shemeji," nikamwambia. "Siku hiyo haipo. Mimi napitia Nairobi."

"Ndiyo, ndiyo. Lakini ni kilomita mia saba tu."

Akapanga shughuli nzima kwa ile saa moja na robo yake: wageni, chakula, na saa ya kumtoa bi harusi. Mtu akishaiona namba kwenye simu humwambii kitu.

Kibokoni hadi Changamwe

Siku yenyewe niliswali alfajiri nikaingia uani. Khadija alikuja kunisaidia, sitamnyima haki yake, ingawa alichuma huku akinihubiria. "Tunga hapa hapa nyumbani, Zuhura. Upeleke koja lililokwisha."

Nikakataa katakata. Koja la bi harusi hutungwa kwenye nyumba aliyomo bi harusi, wanawake wamemzunguka, wanaimba na kumtania mpaka aone haya. Likitungwa kwingine ni bidhaa ya duka. Ndivyo alivyotufundisha mama yetu, mimi na Maryamu, na tangu nianze kazi hii ya kutunga maua sijafanya vyengine. Khadija akaendelea kuchuma. Leo nasema mbele yenu kwamba yeye ndiye aliyekuwa na haki, na asilirudie neno hili mbele yangu.

Nikayafunga matumba kwa kitambaa cha pamba kilicholowa, juu yake majani ya mgomba, juu yake kamba ya mgomba, nikayatia katika kikapu cha ukindu. Kando nikatia rihani kidogo, uzi, sindano yangu ndefu ya kutungia, na mfuko wa mahamri na sambusa. Mie sisafiri na njaa.

Tuktuk iliyonichukua ilikuwa ya kijana wa Ganjoni, mpole, tena mzungumzaji. Tulikwenda vizuri mpaka Makupa. Hapo tukakwama. Mbele yetu malori ya bandarini yamejipanga, na moja limekufa katikati ya njia, limeinuliwa kichwa na watu watatu wanalichungulia.

"Mama, ndege yenyewe inakwenda wapi?" akaniuliza.

"Kisumu."

"Aa, kwa ndege Kisumu ni karibu sana."

"Karibu ndiyo. Lakini mimi na wewe bado tuko Makupa."

Akacheka, akazima mashine, akaanza kunisimulia maradhi ya mamake mkwe. Nikayanyunyizia matumba maji. Nikamsikiliza mpaka tukafika kwenye magoti ya yule mama, na magari hayajasogea. Nikamwambia, "Mwanangu, chombo hiki kina magurudumu matatu. Mbona waendesha kama lori?"

Hilo lilimchoma. Akawasha, akapanda ukingo wa barabara, akapita baina ya lori na lori, huku madereva wanamtukania wazee wake. Mimi nimekikumbatia kikapu nasoma kila dua niliyosomeshwa chuoni. Aliponishusha uwanjani alikuwa anajifuta jasho kwa ncha ya shati. Akaniambia, "Mama, muombee na mkwe wangu." Nikamuombea.

Kwenye mashine ya kukagua

Kikapu kiliingia kwenye mashine, kikatoka, na askari akakiweka kando. Alikuwa mtu wa bara, kijana mrefu, na adabu anayo.

"Mama, hii ni nini?"

"Asumini. Maua ya bi harusi."

Akaligeuza lile furushi. Akaangalia majani ya mgomba, akaangalia ile kamba, akanitazama mimi. "Mama, hii ni miraa."

"Miraa!" Foleni yote ilinisikia. "Mimi? Na umri huu, na buibui langu hili, nimekaa natafuna miraa?"

"Imefungwa vile miraa hufungwa."

"Na samaki akifungwa gazeti huwa habari?"

Watu wakacheka, naye akajikaza asicheke. Akasema lazima afungue. Nikamwambia fungua, lakini pembe hii tu, na usiyashike, mikono ina joto. Akafungua pembe ile, akainama, akanusa. Akabaki pale pale ameinama. Alipoinuka uso ulikuwa mwengine kabisa.

"Bibi yangu ni wa Likoni," akasema polepole. "Siku ya harusi yetu alinukia hivi."

"Na tangu siku ile umemnunulia tena?"

Akalifunga furushi mwenyewe, vibaya, nami nikalifunga upya. Nilidhani yameisha, kumbe mwenzake, mwanamke asiyejua kucheka, amekwisha kuiona sindano. Nikamweleza sindano ile ni ya kutungia maua, haijamchoma mtu tangu nizaliwe. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, ukitaka sindano, rudi nayo nyumbani. Ukitaka Kisumu, iache hapa."

Nikaiacha. Roho iliniuma, maana ni sindano ambayo mkono wangu umeizoea. Lakini nikajiambia Kisumu hakukosi sindano, na mimi natungia Kisumu. Nikanyanyua kikapu changu nikaenda zangu.

Mombasa hadi Nairobi

Hapa sina mengi. Ndege iliruka, nikaiona Mombasa chini imezungukwa na maji, nikatafuta Kibokoni nisiione. Kijana wa ndege akaniambia kikapu kikae juu, kwenye kabati. Nikamuuliza huko juu kuna baridi au joto. Akasema hajui. Nikamwambia basi kama hujui kitakaa miguuni kwangu, na akupe Mungu mke mwema. Akakisukuma chini ya kiti cha mbele kwa upole, na baadaye nilipomuomba barafu aliniletea bilauri nzima. Nikaipanga juu ya majani ya mgomba. Asumini ikipata baridi husahau saa kidogo.

Chini ya saa moja tukawa Nairobi. Nilishuka kifua mbele. Nikasema moyoni, kumbe Salim kasema kweli, safari hii ni ya mtoto mdogo.

Nairobi, kungojea

Niliswali Adhuhuri na Alasiri kwa pamoja, kisafari, nikakaa karibu na mlango wa Kisumu ili nisije nikasahauliwa. Saa ya kupanda ilipokaribia, sauti ikatoka juu: Kisumu kuna mvua ya radi, ndege hazitui wala haziruki, abiria wavumilie. Watu wakaguna. Mimi nikauliza wavumilie mpaka lini. Msichana wa mlangoni akasema, "Mpaka anga ikae sawa, mama." Hata kumkasirikia sikuweza. Angefanya nini na radi?

Nikakaa. Saa ikapita. Barafu ikayeyuka ikawa maji. Kila mara nafunua kikapu nachungulia, nafunika. Nikampigia simu shemeji, simu yake haipatikani, nadhani ni ile ile mvua. Nikafunua tena, nikashika tumba moja, na moyo ukanipasuka. Tumba likikaribia kufunguka ncha yake hulegea, mnajua, huisikia laini chini ya kidole. Lile lilikuwa limeanza kulegea.

Kando yangu alikuwa amekaa mama mmoja mnene, mchangamfu, na mfuko mkubwa baina ya miguu. Jina lake Mama Akinyi, anauza shanga na mapambo kule Kisumu, na alikuwa amenitazama muda mrefu.

"Mama, kwani umebeba mtoto ndani ya hiyo kikapu?"

Nikamweleza. Nilidhani nitamweleza kidogo, nikajikuta namweleza yote: Maryamu, mti, Rukia, sindano. Akasikiliza akitikisa kichwa.

"Sasa si uzitunge hapa?"

"Koja halitungwi njiani," nikasema. "Hutungwa nyumbani kwa bi harusi."

"Na ikifungukia kwenye kikapu, nani ataivaa? Kikapu?"

Nikanyamaza. Watu wangu, mnanijua, ni mara chache mimi kunyamaza. Nilikaa nimeikamata ile kamba ya mgomba, najiona mimi na ubishi wangu. Kama ningetunga nyumbani asubuhi, sasa lingekuwa koja, lifunguke litakavyo. Nilikuwa karibu kuukosesha mkono wa Maryamu njia ya kufika kwa mwanawe, na sababu ni kujifanya najua ada kuliko watu wote. Nikasema bismillahi, nikakata kamba.

Sindano sasa. Nilimwomba mwanamke wa usafi anipe chelewa moja tu ya ufagio wake. Akanionyesha ufagio: plastiki tupu. Nikatoa pini ya mtandio wangu, nikatoboa tumba, lakini uzi hauingii, wakunjika. Mama Akinyi akacheka, akaingiza mkono mfukoni, akatoa rangi ya kucha, nyekundu. Akachovya ncha ya uzi, akaipuliza, akanipa. "Sisi watu wa shanga hufanya hivi." Nikaishika ile ncha. Imekauka, imekaza, inasimama wima. Ningembusu yule mama mbele ya watu wote, wallahi.

Basi mimi natoboa kwa pini, yeye anapitisha uzi. Lakini matumba ni mengi, nje jua linashuka, na mikono ni minne tu. Mbele yetu alikuwa bwana mmoja wa suti, ameshughulika na kompyuta yake. Akainuka akaja. "Samahani, mnauza?"

"Hatuuzi, twatunga. Kaa utunge."

Akacheka. Mimi sikucheka. "Wakimbilia wapi? Ndege haipo."

Akakaa, Mungu ambariki. Aliitwa Bwana Barasa, anakwenda Kisumu kikazi. Akavua koti, akalikunja, akachovya uzi wake kwenye rangi ya kucha kwa makini. Huyo ndiye mwenye vidole vile nilivyowaambia. Tumba linapotea kabisa baina ya vidole, hulioni mpaka alitoe upande wa pili.

"Bwana Barasa, hilo umelitunga kichwa chini."

"Nilitoe?"

"Ukilitoa litachanika. Liache. Lakini ukirudia nakukata kidole."

Hakurudia. Lile moja, Khadija, ndilo uliloliona.

Nikawapa mahamri kama mshahara. Bwana Barasa akala moja, akala la pili, akauliza, "Hizi mandazi umetia nini?"

"Si mandazi, ni mahamri. Nimetia iliki na tui la nazi, na ukila la tatu utatunga mpaka kesho."

Mama Akinyi akatoa njugu karanga zake, tukachanganya. Kisha akanigonga na kiwiko. "Umesema huko kwenu mkitunga mnaimba. Mbona huimbi?"

"Hapa? Mbele ya umati huu?"

"Bi harusi ni wako ama ni wa huu umati?"

Nikaanza kwa sauti ya chini, wimbo wetu wa kupamba, ule wa kumsifu bi harusi kwa jina. Mwanzo niliona haya, watu wanageuka. Nilipofika penye jina la Rukia sauti ikanikatika, maana mwengine aliyekuwa akiuitikia wimbo ule, enzi za usichana wetu, ni Maryamu. Nikalia. Sikujificha, nililia pale pale kwenye kiti cha uwanja wa ndege, nikajifuta kwa mtandio uliokosa pini. Mama Akinyi akaanza wimbo wa kwao, wa Kijaluo, wa kumpeleka bi harusi, na mimi maneno yake siyajui lakini kiitikio nilikishika. Tukaimba hivyo, mara wake, mara wangu, na koja likarefuka.

Nalisema wazi, halikuwa zuri. Huku limekaza, kule limelegea. Msichana ninayemfundisha kazi akiniletea koja kama lile ningemrudishia. Nikatamani kulifumua nianze upya, nikatazama dirishani, jua limeshakaa juu ya mabawa ya ndege. Nikafunga fundo la mwisho.

Hapo ndipo wakatuita.

Nairobi hadi Kisumu

Koja bichi halikunjwi, likikunjwa matumba yanavunjika shingo. Tuliomba viti vitatu vya pamoja, tukapewa, tukalilaza juu ya mapaja yetu sote, Mama Akinyi dirishani, mimi katikati, Bwana Barasa upande wa njia. Kijana wa ndege akaja kukagua mikanda. Akalitazama lile koja lilivyotulalia, akatuhesabu, akaenda zake.

Mvua ilikuwa haijaisha kabisa. Katikati ya njia ndege ikaanguka ghafla, ile ya kuuacha moyo juu, watu wakapiga kelele. Mimi nikafumba macho nikashika viti. Nilipofumbua macho nikaona Bwana Barasa hakushika kiti. Mikono yake yote miwili ilikuwa imelishika koja, amelizuia lisiteleze. Uso umempauka, jasho linamtoka. "Liko salama," akaniambia.

Na hapo hapo juu ya mapaja yetu likaanza kufunguka. Huwezi kuliona likifunguka, waona tu kwamba limefunguka. Harufu ikatembea ndege nzima. Nyuma mtu akauliza nani amejipaka marashi, mwengine akasema siyo marashi, ni maua, yako mbele huko. Mzee mmoja aliinuka kuchungulia akaambiwa akae. Mimi nilikuwa natazama tu. Kila mwaka naitunga asumini ya mti ule nawapa watoto wa watu, na sasa inakwenda kwa mwenyewe.

Chini ya saa nzima tukatua. Kwa habari ya angani shemeji alisema kweli tupu: angani tulikwenda vizuri. Koja likishafunguka halivunjiki shingo tena, tukalizungusha kikapuni polepole. Mama Akinyi aliniaga kwa kunikumbatia. Bwana Barasa alitaka kujua bi harusi atafurahi au vipi, nikamwambia aniachie namba nitampelekea picha, na nimempelekea.

Kisumu

Salim alikuwa mlangoni na mwavuli. Kofia imelowa, macho yanakimbia. Nilimjua mara moja kwamba ana neno.

"Karibu, Bi Zuhura. Pole na safari."

"Mtoto yuko wapi?"

"Yuko nyumbani." Akachukua mfuko wangu, nikamzuia asichukue kikapu. "Wameshamtoa."

"Wamemtoa vipi?"

"Wageni walingoja sana. Nilikuwa nimewaambia ni saa moja na robo. Mvua ikazidi, watu wana watoto, wakwe wakasema haifai kungoja zaidi. Ametolewa, ameketi, ametuzwa. Amerudi ndani."

Nyinyi mnajua maana yake, lakini wageni wetu hawajui. Bi harusi hutolewa mara moja. Akisharudi ndani amerudi, shughuli imekwisha. Niliingia garini. Ningefungua kinywa ningemtukana mtu mwema, tena usiku wa harusi ya mwanawe. Nilikaa na kikapu mapajani, hasira zimenijaa, na mvua inapiga kioo.

"Labda atavaa kesho, kwenye picha," akasema.

"Kesho ni rangi ya chai, Salim."

Sijawahi kumwita kwa jina bila ya shemeji. Tukaenda kidogo, kisha nikaona gari inapunguza mwendo, mpaka ikasimama kando ya njia. Alikuwa amekamata usukani na anavuta hewa kwa pua.

"Harufu hii ni ya ule mti wa uani?"

"Ndio huo."

Alitia gia akaendesha kama yule wa tuktuk.

Nyumbani wanawake walikuwa mlangoni wanatafuta viatu. Wengine wameshavaa mabuibui, watoto wamelala mabegani, sinia zinaoshwa uani. Mamake mkwe wa Rukia, mama mtulivu, akanipokea kwa heshima. "Pole na safari, dada. Pilau yako tumeiweka."

"Pilau inisubiri. Rukia yuko wapi?"

Alikuwa peke yake chumbani, ukingoni mwa kitanda, na nguo yake ya kijani, amechorwa piko mpaka viwikoni, na nywele wamezipamba kwa maua ya kitambaa. Badala ya shikamoo akanikumbatia. Nikafunua kikapu. Akainuka wima. Akapeleka mikono kichwani, akayang'oa yale maua ya kitambaa moja moja, akayaweka kitandani.

"Nivalishe, Mamdogo."

"Mwanangu," nikamwambia, "umeshatolewa. Nitakuvalisha, lakini itakuwa hapa hapa, mimi na wewe." Nawaambieni ukweli: baada ya Makupa, na mashine, na radi, pale chumbani ndipo mimi nilipokata tamaa.

Rukia akanitazama. "Mimi sijatolewa. Aliyetolewa ni mwenye maua ya kitambaa."

Mamake mkwe alikuwa mlangoni, amesikia. "Bi harusi hatolewi mara mbili, mwanangu."

Mtoto yule hajapata kuinua sauti mbele ya mkubwa, na hata siku ile hakuiinua. "Basi, Mama, mimi nitakuwa wa kwanza."

Yule mama akaingia ndani, nikajua anakuja kutukanya. Alipofika karibu na kikapu akasimama. "Asumini hii imetoka wapi?"

"Mombasa. Mti wa marehemu mamake," nikasema. "Hana kingine cha mamake."

Akaliangalia lile koja, limekwenda upande vile mlivyoliona. Akamwangalia Rukia. Kisha akageuka, akatokea sebuleni, nikamsikia anapiga kelele, yeye mtulivu yule: "Vueni mabuibui! Rudini mkae! Nani kawaambia shughuli imekwisha?"

Nikamvalisha. Koja shingoni, na kipande kilichobaki nikamzungushia kwenye nywele. Rihani nikamchomekea hapa, nyuma ya sikio. Nje wameanza kugonga sinia na kuimba, wimbo wa kwao wa huko, na vigelegele juu yake. Nikamshika mkono nikamwongoza, na tulipofika kizingitini akasimama, akainama sikioni mwangu.

"Mamdogo, Mama alikuwa akinukia hivi?"

"Kila jioni, mwanangu."

Akavuta pumzi ndefu, akaizuia ndani. Wanawake wanamngoja, mamake mkwe anamngoja, sinia zinalia, na yeye amesimama pale kizingitini, hataki kuitoa. Sikumharakisha.